Mvua ya Paa ni Mali ya Mfanya Kazi

Ndugu wafanya kazi, wengi wetu tulioko Emali, Makindu na Kibwezi twanunua mboga kila jioni kama watu wasio na mikono. Twasema nchi ni kavu. Ni kavu kweli, lakini mvua huja mara mbili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, na hii ya pili ndiyo ya kutegemewa zaidi Ukambani.

Hesabu ni hii. Paa la bati la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 25 humwaga lita 500. Ukitumia lita 20 kwa siku, ni siku 25 za kunywesha bustani.

Tena tusipande juu ya matuta. Hayo ni ya nchi za mvua nyingi. Huku chimba kitanda kiingie chini, tia samadi, funika udongo kwa majani makavu, mwagilia jioni. Wenzetu wa Kitui hujenga kuta katika mito ya mchanga, maji yakajificha chini, jua lisiyafikie. Akili ni ile ile.

Lakini mkaaji wa landhi hawezi kufunga mfereji wa paa katika nyumba isiyo yake. Kwa hiyo nasema chama kisidai mshahara tu. Kidai na mfereji na tangi kwa kila nyumba ya wafanya kazi. Shilingi isiyotoka mfukoni ni nyongeza pia. Chama kidai, nasi tushike majembe.