Nani anamhudumia anayesubiri majibu?

Kwenye kikoba chetu cha hapa Kasulu zamu yangu ya mkopo imefika msimu huu, na wenzangu wananishangaa kwa kuchukua nusu tu. Mimi ni mnunuzi wa maharage. Nakusanya kuanzia Kibondo, nyumbani kwetu, hata gulio la Mabamba karibu na mpaka wa Burundi, narudi na vijiji vya Kasulu, napakia mzigo kwenda Kahama na Mwanza. Mnunuzi hakatai fedha wakati maharage mapya yanaingia sokoni, labda awe na sababu. Yangu imo kwenye karatasi ya utrasaundi: ovari ya kushoto ina uvimbe wenye maji, na ndani ya uvimbe huo kuna kuta na sehemu ngumu. Madaktari wanauita uvimbe changamano. Ni nini hasa, bado haijajulikana. Nimepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, nangoja.

Katika kungoja huku nimejifunza kwamba tiba yetu inahesabiwa kuanzia siku ya kisu au siku ya dawa. Kipindi cha katikati, tangu kipimo cha kwanza hadi jibu la mwisho, hakina mwenyewe. Si cha muuguzi, si cha daktari, si cha bima. Ni cha mgonjwa peke yake na majirani zake. Naamini hilo ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa gharama ndogo sana.

Mara ya kwanza nilipopimwa, katika kituo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, aliyeshika kifaa alitazama skrini kwa muda, akamwita mwenzake, wakasemezana kwa sauti ya chini. Akanipa karatasi ya kujifutia tumbo. “Mama, kaonane na dokta.” Dokta alikuwa na foleni iliyofika nje ya mlango. Akasoma, akaandika, akasema, “Rudi baada ya wiki sita tupime tena, usiwe na wasiwasi.” Kwa foleni ile simlaumu. Lakini mtu haambiwi asiwe na wasiwasi kisha akaachiwa karatasi ya Kiingereza iliyojaa sentimita. Nilitoka pale sijui kama niendelee kubeba debe au niache. Sijui kama maumivu ya usiku ni ya kuvumilia au ya kukimbilia hospitali. Na zile wiki sita, sikujua kama ni uzembe wa mtu au ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Majibu ya maswali hayo yapo, na si marefu. Niliyapata kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake aliyefika na kundi la mabingwa ambao tangu 2024 wamekuwa wakitumwa kwenye hospitali za halmashauri kwa siku chache chache, wale tunaowaita madaktari wa Mama Samia. Alivuta kiti akaniambia hivi. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake hutengeneza vifuko vya maji kwenye ovari karibu kila mwezi, na vingi huondoka vyenyewe. Kingine huvuja damu ndani, na kwenye skrini kikaonekana kibaya kuliko kilivyo. Ndiyo maana hupimwa tena baada ya wiki sita hadi kumi na mbili: kama ni damu, itakuwa imepungua au imekwisha. Kumbe wiki zile zilikuwa na kazi. Ningeambiwa siku ile ile, ningelala.

Uvimbe wangu haukupungua. Hapo akaendelea. Uvimbe wenye kuta na vinyama ndani unaweza kuwa damoidi, ambao hubeba mafuta, nywele, hata meno, na mara nyingi hauna saratani. Unaweza kuwa wa endometriosisi, damu nzito iliyokaa muda mrefu. Unaweza kuwa usaha wa maambukizi ya zamani. Hata kifua kikuu kikiingia tumboni huweza kujifanya saratani ya ovari, na katika nchi yetu jambo hilo daktari hatakiwi kulisahau. Na unaweza kuwa saratani kweli. Alilitamka neno hilo akinitazama usoni, na nikamheshimu kwa hilo.

Nikamuuliza kwa nini asichome sindano avute kidogo tujue. Sisi wanunuzi hatukubali gunia kwa kulitazama nje. Tunachoma bambo, punje zinateremka kiganjani, tunajua ndani kuna nini. Akasema ovari haifanyiwi hivyo pale saratani inaposhukiwa, kwa sababu kifuko kikitobolewa, chembe zake zinaweza kumwagika tumboni na kuusambaza ugonjwa uliokuwa sehemu moja. Huondolewa kizima, kisha kinyama kinapelekwa maabara, na mtaalamu wa patholojia ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kwa hiyo hata baada ya upasuaji kuna kusubiri kwingine, majibu ya kinyama, na kwa mtu wa huku Kigoma yanaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Kiwango cha kawaida ni chini ya 35, changu kimezidi. Usiku ule nilijiona nimekwisha. Kumbe kipimo hicho hupanda pia kwa endometriosisi, kwa maambukizi ya nyonga, kwa kifua kikuu cha tumbo, kwa ujauzito, hata kwa mwanamke aliye katika siku zake. Ni cha kumsaidia daktari kupima uzito wa mashaka, akikisoma pamoja na picha na umri. Nina miaka 36. Miongozo ya madaktari wa wanawake wa Uingereza inakadiria kwamba kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, uvimbe wa ovari wenye dalili huwa saratani kwa karibu mmoja kati ya 1,000, na hufika watatu kati ya 1,000 akifikia miaka 50. Hesabu hiyo ni ya uvimbe wa kila namna; wa aina yangu uwezekano wake uko juu zaidi, ndiyo sababu ya rufaa. Hata hivyo, mtu aliyeambiwa namba hizo anaweza kuamka akaenda sokoni. Aliyenyamaziwa huamka akiwa amekwisha kuwagawia ndugu watoto wake.

Maana kimya hakikai kitupu, watu wanakijaza. Wa kwanza kuja ni wauza dawa. Stendi, sokoni, kwenye simu, kila mahali kuna mtu mwenye chupa ya kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe bila upasuaji. Nimeletewa ya majani, nimeletewa ya unga, nimeletewa hata ya kuweka ukeni, ambayo kwa mwanamke mwenye maambukizi ni kumuongezea balaa. Anayekuuzia hajaona picha yako. Hajui kama kilichomo ni damu, mafuta, usaha au saratani, lakini dawa yake ni moja kwa wote. Mwenye uvimbe ambao ungeondoka wenyewe atamshukuru na kumtangaza. Mwenye saratani atapoteza miezi ambayo hairudi. Natamani halmashauri zetu ziwafuatilie watu hawa kwa ukali ule ule zinaoutumia kutufuatilia sisi kwa ushuru wa mazao.

Kisha inakuja familia. Huku kwetu mwanamke mwenye watoto wawili bado anahesabiwa kuwa ndiyo kwanza ameanza. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda, aliuliza swali moja tu: “Mwanangu, utazaa tena?” Sikuwa na jibu, na nilitamani angekuwepo mtu wa hospitali wa kumjibu: ovari ni mbili, ikitolewa moja iliyobaki inaweza kufanya kazi, na mara nyingine daktari huondoa uvimbe tu na kuiacha ovari. Jirani mwingine akaanza kunong’ona habari za kurogwa. Mzee wetu wa kanisa aliomba pamoja nami, alipomaliza akauliza, “Tarehe ya rufaa ni lini, na nauli ipo?” Huyo nilimwelewa.

Kungoja jibu hakumchagui mtu. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alieleza hadharani kwamba aliteseka na endometriosisi tangu usichana, miaka mingi kabla ya kuambiwa ugonjwa wake ni upi. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi, na mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Mwanamke mwenye jina, mwenye kusafiri dunia, alikaa gizani muda wote huo. Sasa mfikirie mama wa Kibondo kijijini anayepanda bodaboda hadi barabarani.

Au mfikirie mama niliyekaa naye benchi moja nikisubiri kuitwa, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 vita vilipowaleta watu kuvuka Ziwa Tanganyika. Naye ana uvimbe. Mimi nikipata nauli naondoka kesho. Yeye hatoki kambini bila kibali. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu kama kuna aliyenieleza ni ugonjwa gani. Nikamwambia yote niliyoambiwa na bingwa, neno kwa neno. Akanishika mkono akasema ni mara ya kwanza anasikia kwamba si lazima iwe kansa. Lakini kwa nini ayasikie kwa mnunuzi wa maharage?

Serikali imefanya kazi kubwa ya kutufupishia njia, na asiyekubali hilo hajasafiri zamani. Mtu wa Kasulu anayekwenda Bugando anapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita, na barabara iliyokuwa vumbi na matope imewekwa lami sehemu kubwa. Pale Kigongo–Busisi, ambapo wagonjwa walikuwa wakisubiri kivuko ndani ya gari, Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la John Magufuli, kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria. Sasa naomba juhudi hiyo hiyo ielekezwe kwa mgonjwa kabla hajafika barabarani.

Ombi langu ni karatasi. Kila mwanamke anayetoka chumba cha utrasaundi akiwa na uvimbe usiojulikana apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili: kimeonekana nini, kinaweza kuwa nini, kwa nini anasubiri na hadi lini, afanye nini na asifanye nini wakati huo, na dalili zipi zikitokea arudi bila kungoja tarehe. Pawe na namba ya simu ya muuguzi mmoja. Haihitaji mashine wala daktari mpya. Wauguzi wetu wameweza kwa kadi ya kliniki ya wajawazito, ambayo mama anaitunza kuliko kitambulisho. Mwenye uvimbe kwenye ovari anastahili kadi yake.

La pili ni fedha, nalo nitalisema kwa kifupi kwa sababu wengi wamekwisha kulisema. Bima ya CHF iliyoboreshwa niliyokuwa nayo, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilipangwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu ni Maweni, Kigoma mjini. Ugonjwa wangu umevuka hapo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaotunga vifurushi vyake wakumbuke vipimo vya kutafuta ugonjwa, si matibabu ya ugonjwa uliokwisha kujulikana tu. Ile nusu ya mkopo niliyochukua nimeigawa: sehemu imenunua maharage, sehemu imekaa kwa ajili ya Mwanza. Nusu ya pili sikuthubutu kuichukua, kwa kuwa sijui nitakuwa nimelala wodini au niko sokoni wakati wa kurejesha. Nikishindwa, wanaoumia ni wanawake wenzangu wa kikoba.

Waganga wakuu wa wilaya za Kasulu na Kibondo, ukurasa ule unaweza kuandikwa na mabingwa wenu kwa mchana mmoja. Tafadhali uandikeni. Wakati tunausubiri, msomaji, shika hili moja na umwambie mkeo, dada yako na binti yako: uvimbe wa ovari unaweza kujisokota na kuzuia damu kufika kwenye ovari. Mwanamke mwenye uvimbe huo akishikwa na maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, na hasa akitapika, asisubiri tarehe ya rufaa wala kupambazuke. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.