Mwana Kupona nilimpa maksi kabla sijamsikiliza

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa chuoni tulipewa Utendi wa Mwana Kupona tuuchambue, nami nikauchambua kwelikweli. Niliandika kwamba huyu mama ni wakala wa mfumo dume, kwamba anamlea binti yake awe mtumwa wa ndani ya nyumba, na kadhalika na kadhalika. Nikapata maksi nzuri. Ukweli ni kwamba nusu ya beti sikuzielewa, maana Kiswahili chake ni cha kaskazini, cha Pate na Lamu, si hiki chetu cha Dar. Nilichokielewa ni swali la mtihani, na swali lenyewe lilikuja na jibu lake mfukoni.

Miaka michache baadaye kazi ikanipeleka Lamu, nikafikia kwa bibi mmoja ambaye utendi ule anao kichwani. Anaughani huku anachagua mchele. Nikamwambia, kwa ile jeuri yetu ya wasomi, kwamba mtunzi alikuwa anawakandamiza wanawake wenzake. Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Mwanangu, uliona kwamba alikuwa mgonjwa?"

Niliona. Ni mwanzoni kabisa. Nilipapita nikidhani ni utangulizi tu.

Haya, turudi nyuma kidogo. Utendi ulitungwa mwaka 1858. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Seyyid Said wa Zanzibar, alikuwa amefariki mwaka 1856. Kwa hiyo hapa tuna mjane, mgonjwa, ambaye anamwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akae karibu. Jamani, hiyo kwa Waswahili ina jina: wasia. Anayeusia hakai kubishana na dunia ilivyo. Anampa mtoto kile anachoamini kitamlinda yeye akishaondoka, na Mwana Kupona mwenyewe anasema anamtengenezea hirizi. Binti wa nyumba iliyogombana na Sultani, baba hayupo, mama anaondoka, ashike nini? Swali hilo sikujiuliza hata siku moja. Kumbe lilikuwa la kwanza.

Sehemu inayomhusu mume ni ndefu, sikatai, na kuna mahali pepo ya mke inawekwa mikononi mwa mume. Hapo hata leo nakunja uso. Lakini bibi alinionyesha pale mama anaposema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema, akacheka mpaka akashika ubavu. "Sasa hapo mkubwa nani?" Darasani kwetu hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunatafuta dhamira.

Na baada ya mambo ya mume inafuata dua ndefu, ya mama kuwaombea watoto na ndugu. Hiyo nani anaikumbuka? Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipoutoa utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kitabu walikipa jina la nasaha kuhusu wajibu wa mke. Ukishabandika jina hilo juu ya mlango, msomaji anaingia akitafuta mke tu. Nami niliingilia mlango huohuo, miaka mingi baadaye, nikijiona mwanamapinduzi.

Sasa wapo wanaosema dawa ni kusoma fasihi yetu kwa jicho la Kiafrika. Nakubali, ila nauliza: la Mwafrika yupi? Mimi ni mtoto wa Ziwa Nyasa. Kwetu wasia upo, lakini hauandikwi kwa tenzi, na Kiamu ni lugha ya watu. Mbele ya Mwana Kupona nilikuwa mgeni karibu sawa na hao Waingereza. Tena Werner alihangaika kukijifunza Kiswahili kile, mimi nilidhani ngozi yangu inatosha. Kilichonisaidia ni kukaa kwenye mkeka wa mtu na kuuliza.

Na kuuliza huko si kusamehe kila kitu. Mama huyuhuyu anamwonya binti asizoeane na watumwa, isipokuwa kwenye kazi. Huko kwetu Nyasa misafara ya watumwa ilikuwa ikielekea Kilwa, na waliobaki pwani walikuwa na majina na mama zao pia, nao labda waliwausia. Huenda mmoja wao alikuwa wa kwetu. Wasia wao hakuna aliyeuletea wino. Kwa hiyo "sisi Waafrika" tunaposoma beti zile, wengine wetu tumo sebuleni na wengine tumo jikoni.

Nilimuuliza bibi na hilo. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchagua mchele wake. Kisha akasema kwamba yeye, akifika hapo, husoma upesi apite.