Anayesalimisha Bunduki Alindwe

Kila serikali inapotoa amri ya kusalimisha silaha haramu, sisi wakazi wa mijini hushangilia. Kwetu sisi, raia mwenye bunduki bila kibali ni jambazi, basi. Huenda ni hivyo Nairobi na Kampala. Lakini wafugaji wa Karamoja nchini Uganda, na wa Turkana na Pokot nchini Kenya, wana habari nyingine.

Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto na Wakaramoja wakaibeba ghala nzima ya silaha. Walizozipata wakawageuzia jirani zao. Na jirani angefanyaje? Aliuza ng'ombe akanunua ya kwake, maana kituo cha polisi kilikuwa mbali na wezi wa mifugo walikuwa nyuma ya kilima.

Desemba 2001 Uganda ilianza kukusanya bunduki kwa hiari. Aliyeitoa yake aliahidiwa plau na mabati, akaandikiwa na cheti. Wengi waliitikia wito. Mwaka uliofuata askari wakahamishwa kwenda kupigana na waasi wa LRA, na waliosalimisha wakavamiwa na wasiosalimisha. Mtazame mzee aliyesalimisha yake, asubuhi: cheti cha serikali anacho, zizini hamna hata ndama. Ukimwendea mara ya pili kumwomba silaha, atakuamini? Mwaka 2006 vijiji vikawa vinazingirwa alfajiri na watu kupekuliwa kwa nguvu. Raia wakapigwa, wengine wakauawa.

Mwaka 2021 ikaja operesheni nyingine, ikaitwa Usalama kwa Wote. Jina zuri. Ila hao wote ni akina nani, ikiwa ng'ambo ya mpaka, Kenya na Sudan Kusini, bunduki bado ziko mabegani?

Kenya nayo, Novemba 2016, ilichoma silaha 5,250 pale Ngong, na picha zikapendeza magazetini. Mwaka 2019 ikawapokonya bunduki polisi wa akiba wa kaskazini mwa Bonde la Ufa, watu waliokuwa wakilinda mifugo ya vijiji vyao. Februari 2023 ikalazimika kupeleka jeshi huko huko.

Sisemi bunduki zibaki. Zimeua watoto njiani kwenda shule, na zimempa kijana asiyeota ndevu kauli kubwa kuliko ya baraza la wazee. Zitoke! Lakini zitoke pande zote za mpaka kwa wakati mmoja, na askari awe amekwisha kupiga kambi kisimani kabla mfugaji hajakabidhi yake. Kumpokonya mmoja na kumwachia jirani yake ni kumchagulia mwizi wa kumwibia.

Nanyi wapiga kura, mgombea akija kuwaahidi kuzimaliza silaha haramu, msimpigie makofi upesi. Mwulizeni kwanza: usiku wa siku ile ile, zizi litalindwa na nani?