Maswali ya Wasomaji: Wimbo Hupita Njia Gani?

Mwanafunzi mmoja wa Kabambare atuuliza hivi: «Msafiri alileta kutoka Kasongo nyimbo za kwaya ndani ya simu yake. Kijana wa kibanda cha kuchajia simu alinihamishia nyimbo mbili, kisha akanidai bei ya mega. Je, ni haki?»

Mwanafunzi mpenzi, malipo ya kazi yake na ya umeme wake aweza kuyaomba. Bei ya mega, hapana. Simu mbili zilizo karibu husemezana zenyewe, bila kupitia mnara wa kampuni yoyote.

Njia ya kwanza ni Bluetooth. Ndilo jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark aliyebatizwa yapata mwaka 965. Alikuwa amewaunganisha watu wake, na mafundi wa miaka ya 1990 walitaka kuunganisha vyombo. (Wangapi sokoni wajua kwamba wanamtaja mfalme mkristo?) Njia hiyo yafika kama meta 10, na ukuta huipunguza nguvu. Ni ya polepole: wimbo wa mega 5 hutaka nusu dakika hivi, lakini filamu ya mega 700 yaweza kuchukua karibu saa nzima. Sifa yake ni kwamba hula moto kidogo wa betri, na hilo si dogo kwetu tunaochaji kwa jua.

Njia ya pili ni Wi-Fi. Yafika mbali zaidi, na filamu ile ile hupita kwa dakika chache. Ila betri huisha upesi. Wengi hudhani Wi-Fi ndiyo intaneti. Sivyo! Ni njia tu kati ya chombo na chombo. Programu kama Xender hupitisha nyimbo kwa Wi-Fi bila kununua mega hata moja. Hasara huja ukiifungua simu yako iwagawie wengine huku mega zako zikiwa wazi: jirani atazinywa zote. Weka neno la siri.

Nanyi wazazi, waambieni watoto wakatae picha inayotumwa na simu wasiyoijua. Kukubali au kukataa ni kidole kimoja tu.

Basi, mwanafunzi, siku nyingine zimeni mega katika simu zote mbili, mziweke mezani, wimbo upite. Kisha mwonyeshe kijana yule hesabu ya mega zako, kabla na baada.