Tadbiri ya Safari ya Theluji
Mzazi aliyeazimu kuwapeleka wanawe katika milima ya Alps, upande wa Ufaransa, wakajifunze kuteleza juu ya theluji, aghalabu huanza kwa kuuliza bei ya hoteli, ilhali lililo aula kutazamwa kwanza ni kalenda ya shule za nchi hiyo, kwa kuwa serikali imezigawanya katika kanda tatu zinazopokezana likizo ya majira ya baridi, na majuma ambayo shule za Paris zimefungwa ndiyo ambayo kodi ya chumba hupanda na foleni za lifti za mlimani hurefuka hata mtoto akalia. Mimi ningelichagua Avoriaz, mji ulio kwenye mwinuko wa meta 1,800 hivi, ambamo motokaa hazipiti, na ambamo Annie Famose, aliyepata nishani mbili katika Olimpiki ya Grenoble mwaka 1968, aliasisi shule ya kuwafunza watoto. Masurufu ni mengi, sikufichi. Basi vifaa vya kutelezea na vikodishwe huko huko, maana mguu wa mtoto haungoji mwaka utimie, bali glavu zinunuliwe jozi mbili, kwani ya kwanza italowa chepechepe kabla ya adhuhuri, na mtoto mwenye vidole vilivyokufa ganzi hasikii nasaha ya mwalimu awaye yote. Kofia ngumu si jambo la kujadiliwa. Na siku ya kwanza, saa mbili za mafunzo zamtosha mtoto wa miaka minne; baada ya hapo mwacheni agaegae kwenye theluji apendavyo.