Jahazi Huanzia Msituni

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona mtu wa Kisanga, kata ya wilaya ya Kilosa iliyo zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, akijiingiza katika mjadala wa vyombo vya tanga. Huku kwetu chombo cha usafiri kinachojulikana ni baiskeli, na wapo wazee walioishi miaka themanini bila kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo mjadala huo unatuhusu sana. Jahazi haliundwi kwa mchanga wa pwani. Kabla ya kuwa jahazi lilikuwa mvule, mninga au msaji, na miti hiyo iliota katika ardhi ya kijiji fulani cha bara, mikononi mwa wananchi ambao mara nyingi hawakuulizwa lolote.

Mjadala wenyewe ni huu: je, vyombo vya wavuvi na wachukuzi wetu wadogo viendelee kuundwa kwa mbao, au sasa tuhamie kwenye faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi itokanayo na mafuta ya petroli? Serikali zetu zote mbili zimekwisha chukua hatua. Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi wavuvi boti za kisasa pamoja na vizimba vya kufugia samaki. Zanzibar nayo, katika siasa yake ya uchumi wa buluu, imewagawia wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba. Nia ni njema, na wananchi waliopata wamefurahi.

Yafaa tuipe faiba haki yake. Haiozi. Haitobolewi na wale wadudu wa baharini wanaougeuza ubao kuwa chujio. Ni nyepesi, na kalibu moja hutoa boti kumi zilizo sawasawa. Kwa kazi ya doria, kwa kumkimbiza mama mjamzito kutoka kisiwani hadi hospitali, kwa kubeba barafu ili samaki wafike sokoni wakiwa wazima, hakuna mwenye akili timamu atakayeibeza. Ubaya huanza pale tunapojengewa kasumba kwamba mbao ni alama ya umaskini na faiba ni alama ya maendeleo, hata ofisa aliyepewa dhamana ya kuwahudumia wavuvi akaona haya kuandika neno “jahazi” katika mpango wake wa mwaka.

Basi tuitazame mbao kama kifaa cha ufundi, si kama masalia ya kale. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupigilia mbao za ubavuni, kisha hukalafati kila mwanya kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Chombo kikishuka majini mbao hunywa maji, huvimba na kubanana. Seremala wa milango hujitahidi maisha yake yote kuzuia ubao usivimbe. Fundi wa vyombo hukitegemea kile kile ambacho mwenzake anakikimbia. Wakati wa bamvua chombo hupandishwa pwani, huachwa kikauke, huchomwa chini kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kisha hupakwa deheni, ambayo si kitu ila chokaa na shahamu. Katika orodha hiyo yote, ukiondoa misumari, hakuna kinachohitaji fedha za kigeni.

Jambo lililo kubwa zaidi ni mataruma, yaani mbavu za chombo. Fundi hodari hakubali kutengeneza taruma kwa kuchonga pindo katika ubao ulionyooka, maana ubao wa namna hiyo hukatika kwa kufuata mishipa yake. Hutafuta tawi lililojipinda lenyewe tangu likiwa dogo, la mkorosho, la mlilana au la mkomafi, akalipima kwa jicho. Hii miwili ya mwisho ni mikoko, na mikoko ni mazalia ya samaki. Kuikata ovyo ni kumnyang’anya mvuvi samaki ili kumpa mtumbwi. Lakini miti iliyojipinda imejaa pia katika miombo ya Kilosa. Mwenye kiwanda cha mbao huikataa kwa sababu haipiti kwenye msumeno wake. Mchoma mkaa huikata na kuitia tanurini. Hivyo kitu ambacho fundi wa pwani angekitafuta kwa siku nyingi kinapanda gari la Dar es Salaam kikiwa ndani ya gunia, kwenda kupikia maharage.

Sasa tujiulize juu ya matengenezo, kwani hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Ubavu wa mashua ukivunjika Kilwa au Pangani, fundi yupo kijijini, tezo analo, na ubao wa kubadilisha hupatikana. Boti ya faiba ikipasuka huhitaji gundi maalumu, dawa ya kuigandisha na nguo ya nyuzi za kioo, vitu vinavyotoka ng’ambo na ambavyo bei yake hupanda kila mafuta yanapopanda. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda ghafla nchi yetu ilijifunza kwa machungu. Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na mwenye boti ya mashine akalazimika kupiga hesabu kabla ya kung’oa nanga. Mwenye tanga alingoja kusi na kaskazi kama walivyongoja babu zake, na upepo haukumletea ankara. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusiyajenge maendeleo yetu juu ya msingi ulio katika mifuko ya watu wengine.

Upo pia mwisho wa chombo. Jahazi likizeeka, mbao zake hugeuzwa meza, milango na viti, biashara ambayo mafundi wa Lamu na Zanzibar wanaijua vyema. Boti ya faiba iliyozeeka haina pa kwenda: haichomeki bila moshi wa sumu, haiozi, na hakuna anayeinunua. Mwaka 2024 watafiti nchini Uingereza walitangaza kwamba wamekuta vipande vya nyuzi za kioo ndani ya chaza na kome wa bandari ya Chichester, mahali penye boti nyingi za aina hiyo. Wenzetu walitangulia kuzitumia, nasi tunayo nafasi ya kutazama kwanza.

Atakayesema kwamba nakataa kila kipya asikilize habari ya Lamu. Huko fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la urefu wa mita 9 kwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini, ikayeyushwa na kufanywa mkuku, mataruma na mbao. Ubavuni walilipamba kwa vipande vya kandambili, na wakaliita FlipFlopi. Mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Viktoria. Lililonivutia mimi si plastiki. Ni kwamba plastiki ile ilichongwa na kuungwa na watu waliojifunza kazi yao juu ya mbao. Kama ufundi wa mbao ungekuwa umekufa Lamu, takataka zile zingebaki takataka. Anayetaka kujaribu vifaa vipya hana budi kwanza kuwahifadhi wenye kuujua ufundi wa zamani.

Hoja nzito dhidi ya mbao ni moja tu, nayo ni ukweli mtupu: miti inakwisha. Mvule mkubwa sasa ni wa kutafutwa. Mninga huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mtumbwi wa kuchonga hula shina zima na kuacha sehemu kubwa yake chini kama vipande, na kwa hili nakiri waziwazi kwamba mtumbwi wa gogo hauna utetezi kama ule wa mashua ya mbao. Wapenda faiba husema: acheni miti ipumzike. Lakini nenda msituni uone ni nani anayeimaliza miti ya Kilosa. Si fundi wa jahazi. Ni moto wa kila mwaka, ni shamba linalofyekwa, na ni mkaa. Jahazi moja huchukua miti michache na kuitunza kazini miaka mingi. Tanuri la mkaa huchukua mingi na kuimaliza kwa siku chache.

Dawa yake tunayo ndani ya sheria zetu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuulinda, kuuvuna kwa mpango na kunufaika na mapato yake. Kilwa wamekwisha onyesha njia: msitu wa kijiji cha Kikole uliingia mwaka 2009 katika cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Katika wilaya yetu ya Kilosa, tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa viliingia katika mpango wa kuvuna mkaa kwa vitalu, kwa mzunguko wa miaka 24, ili visiki vipate kuchipua. Mpango huo ulithibitisha kwamba wanakijiji wakiona faida ya msitu wataulinda kwa mikono yao wenyewe. Kinachokosekana ni mnunuzi wa mti uliosimama, anayelipa bei ya mbao ya chombo badala ya bei ya gunia. Usafiri si kisingizio tena. Reli ya zamani na reli ya kisasa zote zinapita Kilosa.

Mikopo ya vyombo, basi, isitazame kifaa kimoja tu. Mvuvi anayetaka mashua ya mbao yenye tanga, iliyoundwa na fundi anayejulikana na kukaguliwa ipasavyo, apewe mkopo kama mwenzake wa faiba. Msaji wa shamba la serikali la Mtibwa, hapa hapa mkoani Morogoro, utengewe sehemu kwa ajili ya mafundi wa pwani kabla ya kuuzwa wote kwa wanaousafirisha nje. Walimu wa ufundi wa chuo cha VETA Mikumi na wale wa chuo cha uvuvi cha Mbegani wabadilishane wanafunzi japo kwa muhula mmoja, ili kijana wa Mikumi ajue taruma ni nini na kijana wa Bagamoyo auone mninga ukiwa bado una majani.

Wapo mafundi wa Jibondo, wilayani Mafia, wanaosifika kwa kuunda vyombo katika kisiwa cha mawe ya matumbawe ambako hata maji ya kunywa kwa miaka mingi yalifuatwa kwa mashua. Halmashauri ya Kilosa inaweza kuanza kwa kuiandikia ile ya Mafia barua ya ukurasa mmoja, ikiuliza mafundi hao wanahitaji mbao za urefu gani, matawi ya pindo gani, na mangapi kwa mwaka.