Kabla mama hajaomba chuo, nyumba ikae kikao

Wauguzi wengi kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi Marekani hufika siku wakataka kupanda ngazi. Wanaanza kuhesabu ada, alama na miaka ya masomo. Saa za nyumbani huwa haziingii kwenye hesabu hiyo. Barua ya kukubaliwa inafika, ndugu wanapongeza, na masomo yakishaanza ndipo mume anauliza, "Mama watoto, Jumatano nani atamchukua mdogo shuleni?" Swali hilo lilitakiwa kujibiwa kabla fomu haijajazwa.

Ngazi yenyewe Wamarekani huiita nasi praktishona. Ni muuguzi aliyesoma zaidi hadi akaruhusiwa kupima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Kwa mzazi aliyeko nyumbani, kazi yake inakaribia ile ya tabibu wa kituo cha afya, ila huyu huanza kama muuguzi kisha huongeza shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi. Mafunzo hayo yalianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, yakiongozwa na muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Leo zaidi ya nusu ya majimbo huwaruhusu wauguzi hawa kutibu bila kusimamiwa na daktari. Kipato nacho hupanda, ndiyo maana nafasi hugombaniwa.

Vyuo vingi hutaka leseni hai ya uuguzi, shahada ya kwanza, wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4.0, barua mbili au tatu za mapendekezo na insha. Vingine huongeza mahojiano na uzoefu wa kazi wa mwaka mmoja au zaidi. Hiyo 3.0 ni ya kuingia kwenye foleni tu. Aliyeteleza zamani anaweza kurudia somo kama takwimu na kupata alama nzuri, ili chuo kione kwamba mtu wa leo si yule wa miaka kumi iliyopita. Mwenye stashahada asikate tamaa, kwani zipo njia za kumvusha hadi shahada, ila miaka huongezeka.

Kwa aliyesomea Kenya, Tanzania au Uganda, matokeo yake kwa kawaida hupitia kwanza taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, kama WES. Mara nyingi nakala iliyoko mkononi mwa mwombaji haitoshi. Chuo alichosoma ndicho hutakiwa kuyatuma moja kwa moja. Hapa ndugu aliye karibu na chuo husaidia kuliko anayetuma pongezi: aende ofisi ya masjala, aulize ada na fomu, afuatilie hadi matokeo yatoke. Kazi hiyo ianze miezi mingi kabla ya siku ya mwisho.

Barua ya mapendekezo iombwe kwa aliyemwona muuguzi akifanya kazi, kama vile msimamizi wa wodi. Mchungaji au shehe anaweza kumsifia tabia, lakini hawezi kueleza alivyomhudumia mgonjwa aliyezidiwa saa tisa usiku. Insha nayo isigeuke kilio cha maisha magumu. Wanaosoma maombi wanataka kujua kwa nini mtu amechagua fani ile, iwe ya familia, watoto au afya ya akili. Anayeeleza jinsi alivyoona wagonjwa wa kisukari wakirudishwa wodini kwa kukosa wa kuwafuatilia, na anachotaka kufanya juu ya hilo, ameshajibu swali.

Sasa hesabu ya nyumbani. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka mwanafunzi apate angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Kwa siku za saa 8, hizo ni karibu siku 94. Saa hizo kwa kawaida hazina malipo, na kliniki nyingi hufunguliwa mchana, muda uleule ambao mzazi wa zamu za usiku hulala au huwapeleka watoto shule. Hapo bado hajasoma wala kuandika kazi za darasani.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Lakini hapa zipo tatu: kazi, masomo na malezi. Zinaweza kushikwa zote, mradi mikono iwe zaidi ya miwili. Mume na mke wakae na kalenda, waandike siku kwa siku nani anapika, nani anapeleka watoto, zamu zipi zitapunguzwa na pengo la mshahara litazibwa na nini. Fedha zinazotumwa kwa wazee kila mwezi nazo zisemwe. Kama zitapungua, wazee waambiwe mapema, wasije wakadhani wamesahauliwa. Baba akiwa ndiye muuguzi, kikao ni kilekile.

Chuo nacho kiulizwe maswali kabla ya kulipwa ada ya maombi. Je, programu ina ithibati? Bila hiyo, mhitimu hataruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa wa fani yake. Je, kinapokea wakazi wa jimbo analoishi mwombaji? Baadhi ya programu za mtandaoni hazipokei wa majimbo yote. Na je, nani hutafuta msimamizi wa saa zile za kliniki? Vipo vyuo vinavyomwachia mwanafunzi atafute mwenyewe, na kwa mwenye watoto wadogo, miezi ya kuzunguka kubisha hodi inaweza kuvuruga mpango wote. Chuo cha jina dogo kinachompangia msimamizi karibu na nyumbani huenda kikamfaa kuliko chenye jina kubwa.

Kalenda ikikataa mwaka huu, kuahirisha si kushindwa. Mwaka huo unaweza kutumika kulipa deni, kurudia somo, au kusubiri kitinda mimba aanze shule.

Na barua ya kukataliwa ikija, watoto wasifichwe. Waliona mama akiandika insha usiku, basi waambiwe kwa maneno mepesi kwamba safari hii nafasi hazikutosha, na kama ataomba tena au la. Mtoto anayemwona mzazi akipokea "hapana" bila kulaumu mtu, kisha akauliza chuo nini cha kurekebisha, amepata somo ambalo naye atalihitaji matokeo yake ya mtihani yakitoka.